Maua 336 na kitanda cha tano kwa sita: kava lililotaka kutushinda

Hiki kisa nimekaa nacho muda, sasa nikaona nikiandike chote kilivyokwenda pamoja na hesabu zake, maana kila nikimhadithia mtu anayefuma ananiambia na mimi yalinikuta hayohayo dada, halafu anacheka, anaendelea na maua yake vilevile.

Mama mmoja jirani yetu hapa Tanga, mtu mzima ambaye mimi kila nikipita barazani kwake ni shikamoo, alikuwa anamtayarishia binti yake vitu vya sendofu. Akaniita. Anataka kava la kitanda la kufuma, la maua maua, rangi nyingi, "lichangamke mwanangu, si haya meupe ya kwenye makochi kila nyumba unayakuta." Kitanda ni tano kwa sita. Tukakubaliana laki mbili na nusu, uzi juu yangu, na zilikuwa zimebaki siku 40. Nikatoka pale natembea kama nimeshalipwa.

Usiku huohuo nikabuni ua. Na hapa niseme ukweli, ua lilikuwa zuri, mpaka leo nalitetea. Raundi nne. Katikati duara, mwisho linageuka mraba ili yaunganike bila matundu. Asiyejua krosheti nimweleze haraka: duara la stichi ndefu, ile unayozungusha uzi kwenye sindano mara moja kabla ya kuingiza, raundi ya kwanza unaweka 12, ya pili 24, ya tatu 36, yaani unaongeza 12 kila ukizunguka. Ukiongeza pungufu linanyanyuka kingo linakuwa bakuli, ukizidisha linafanya marinda. Kwa stichi fupi, ile isiyozungushiwa uzi kabla, unaongeza 6 tu kwa sababu kimo chake ni kidogo, duara linatanuka polepole, halihitaji nafasi nyingi. Sasa ukifika 36 unagawa kwa nne, kila upande stichi 9. Ya kwanza ndiyo kona, kwenye shimo hilo moja unaweka mbili za kuzungusha uzi mara mbili, cheni mbili, halafu mbili nyingine. Inafuata ndefu moja, nusu ndefu moja (kimo chake kiko kati ya ndefu na fupi), fupi nne, nusu ndefu moja, ndefu moja, umefika kona nyingine. Kona zinapanda, katikati panabaki chini, duara limekuwa mraba. Kwa sindano ya milimita 4 na uzi ule wa masweta likanipa sentimita 12 kila upande, na kwenye mzani wa jikoni gramu 8 mpaka 9.

Kitanda cha tano kwa sita kwa sentimita ni kama 152 kwa 183. Mama alitaka kava lishuke kidogo ubavuni na miguuni, nikapiga hesabu ya sentimita 25, ikaja 202 kwa 208. Gawa kwa 12, maua 17 kwa 17, jumla 289.

Ndipo ikanijia ile akili ambayo nilidhani ni ya kipaji. Nilikuwa nimenunua rangi nane: damu ya mzee, zambarau, bluu nzito, nyekundu, kijani, njano, pinki na bluu ya anga. Kila ua lina rangi tatu, moja raundi ya kwanza, moja ya pili, na moja kwa raundi ya tatu na ya nne. Rangi nane ukizipanga tatu tatu bila kurudia, nane mara saba mara sita, unapata mipango 336. Mimi nahitaji 289. Jamani! Ina maana kava zima hakuna ua litakalofanana na lenzake. Nikamwambia mdogo wangu, nikamwambia na mama mwenyewe, akafurahi sana, nikaandika orodha kwenye daftari, kila nikimaliza ua nalikata kwa kalamu. Yaani nilikuwa naona raha ya kukata orodha kuliko hata kufuma.

Tukagawana kazi mimi na mdogo wangu. Ua moja lilichukua kama dakika 15. Siku ya 17 tulikuwa na 140, yangu 79 na yake 61, na tumeshaunganisha mistari miwili ili tuone linavyokuja. Tukatandika mkeka mkubwa sebuleni, tukayapanga yote chini, nikamwita mama aje aone.

Akaingia, tukaamkiana, akasimama mlangoni. Kimya. Mtu akinyamaza mbele ya kazi yako unajua tu. Halafu akasema, "Mwanangu, moja moja mazuri sana. Lakini hapa yote pamoja macho yanazunguka, sijui niangalie wapi." Akainama akashika lenye zambarau, akasema hii zambarau imefifia, huu uzi wa zamani huu. Akashika mstari wa pili uliounganishwa, ukapanda juu katikati kama andazi. Akauachia. Halafu akafanya kitu ambacho ndiyo mzizi wa maneno yangu yote haya, akavuta upande wa kanga aliyojifunga, akaunyoosha mbele yangu, akasema: "Tazama. Hili pindo, huu mji, jina hili hapa. Lako wewe mji mtupu. Pindo liko wapi?"

Nilikuwa sina jibu. Nimevaa kanga maisha yangu yote, sijawahi kufikiria kwamba yule aliyeichora aliamua kwanza kanga nzima itakaaje, pindo linazunguka, mji unakaa ndani, ndipo akaja kwenye korosho na maua. Mimi nimeanza na korosho. Nimebuni ua, sikubuni kava. Nikadhani ukishapata ua zuri ukalizidisha mara 289 utapata uzuri mara 289.

Mama alipoondoka (alituachia moyo kidogo, alisema "najua mtarekebisha, nyie ni mikono yenu") tukakaa chini tukaanza kutafuta kasoro moja moja. Nitazieleza nilivyozielewa.

Ya macho kuzunguka ndiyo iliyonipa shida kuielewa. Rangi zenyewe nilizichagua vizuri, ukizishika mkononi zinapendeza. Mdogo wangu akapiga picha ile sakafu kwa simu halafu akaitoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo niliposhtuka. Nyekundu na kijani, ambazo kwa macho ziko mbali kama Tanga na Kigoma, kwenye picha ni kijivu kilekile, huwezi kusema hili ni lipi. Damu ya mzee, zambarau na bluu nzito zimeungana zimekuwa doa moja jeusi. Njano, pinki na anga zimeungana zimekuwa doa jeupe. Kwa hiyo jicho likiwa mbali halioni rangi nane, linaona giza, mwanga na kijivu, na hizo tatu nilikuwa nimezimwaga ovyo kama mtu anayepandia mchicha. Pale penye maua mawili ya kingo nzito yaliyokutana yameungana yamekuwa pande moja, pembeni njano imekaa peke yake inapiga kelele, na hakuna mahali jicho linapumzika kwa sababu hata ukingo wa ua na ua unabadilika. Ile sifa yangu ya kwamba hakuna linalofanana na lenzake ndiyo ilikuwa ugonjwa. Kisipojirudia kitu chochote jicho halina la kushika.

Hii ya kuitoa rangi kwenye picha naomba mtu aijaribu kabla hajanunua uzi hata wa mia. Panga mabonge yako pale pale kaunta, piga picha, itoe rangi. Muuza duka atakushangaa, mwache.

Ya zambarau kufifia, kwanza niliona mama ananionea maana uzi ulikuwa mpya kabisa. Nikalichukua ua lilelile, nikalitoa pale lilipokuwa limekaa kati ya mawili ya bluu nzito, nikalihamishia kati ya njano na njano. Zambarau ikawaka. Uzi uleule, jirani ndiye amebadilika. Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili lina historia ndefu, kule Paris kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kutia rangi mwaka 1824, na moja ya malalamiko aliyoyakuta ni wafumaji kusema uzi mweusi wa pale hauna nguvu. Akaukagua, rangi nzima. Akagundua kinachoudhoofisha ni nyuzi zinazokaa pembeni yake, weusi ukiwekwa karibu na bluu au zambarau unaonekana umechoka. Basi na mama yetu wa Tanga aliyaona hayohayo kwa macho tu, hana kemia yoyote.

Sasa kupanda kama andazi. Hapa kosa ni mikono miwili. Nilipima maua yangu, sentimita 12. Ya mdogo wangu 12.8. Ukiyatazama mawili pamoja huoni tofauti, milimita nane ni nini. Lakini mstari ni maua 17. Yangu 17 ni sentimita 204, yake 17 ni karibu 218. Ukiuunganisha mstari wangu na wake, ule wake lazima sentimita 14 zitafute pa kwenda, na pa kwenda ni juu. Na sindano ni namba ileile, uzi ni uleule! Tukajaribu kumpa sindano ya milimita 3.5, ua likapungua upana kidogo tu, kimo cha raundi kikabaki vilevile, nikakaa nikamtazama mkono. Mimi nikishaingiza sindano nikavuta kitanzi cha kwanza nakiacha chini, yeye anakinyanyua juu kama anavuta maji kisimani. Kile kitanzi cha kwanza ndicho kinachoamua zaidi kimo cha stichi nzima, sindano inaamua zaidi upana. Kwa hiyo watu wanaofuma kazi moja pamoja wasilinganishe namba za sindano peke yake, kila mmoja afume maua matatu, yapimwe kwa rula, kabla ya kuanza. Dakika 45 hizo zingeniokoa siku 17.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa anasuka mikeka na hili kosa asingelifanya. Mkeka unasukwa ukili kwanza, ule mkanda mrefu, halafu ndiyo unashonwa pamoja, na wanawake watano wanaweza kusuka ukili wa mkeka mmoja kwa sababu upana wa ukili unahesabiwa kwa idadi ya miyaa, yale majani ya kusukia, na unapimwa mara kwa mara. Ukili ukitanuka mahali, mkeka unavimba pale. Nimekulia kwenye huo mkeka.

Basi tufanyeje. Siku zimebaki 23. Wazo la kwanza lilikuwa kufumua yale 61 ya mdogo wangu, masaa 15 yamekwenda maji na yeye ameshaanza kununa, na uzi wa masweta ukishafumuliwa unakuwa na manyoya. Nikalikataa. Wazo la pili likawa langu na nalijutia, kupiga pasi. Nilifikiri yale yanayopanda nikiyalaza kwa pasi ya moto yatatulia. Uzi wa masweta unaouzwa madukani mwetu mwingi ni akriliki, ni plastiki ile, na joto linaua ile nguvu yake ya kujirudisha, haliirudishi tena. Ua likalala, kweli likalala, likawa limeteleza linang'aa kama mfuko wa rambo, ukilishika halina uhai. Bahati nzuri nilijaribu moja tu, tena la jaribio, nje ya yale 140. Mvuke wa mbali kidogo bila kugusa unafaa kulainisha, pasi yenyewe usiiguse kabisa.

Wazo la tatu ndilo lililotuelekeza. Nilikumbuka kitu kuhusu krosheti ya Ireland. Miaka ya 1840 kule kulikuwa na njaa kubwa, viazi vilioza shambani, na familia nyingi ziliokolewa na lesi za krosheti, mji mmoja unaitwa Clones ukawa maarufu kwa kazi hiyo. Mtindo wao ulikuwa kufuma vipande mbalimbali, waridi hapa, jani kule, na mara nyingi mwanamke mmoja anafuma aina moja tu anayoiweza, halafu vyote vinapelekwa kwa mtu wa kuunganisha, ambaye anavipanga kwenye kitambaa na kuvizungushia wavu wa cheni mpaka viwe nguo moja. Mikono kumi tofauti na nguo inalala sawa. Kwa nini? Kwa sababu wavu unakaa katikati, palipo na pengo kubwa anaongeza cheni, palipobana anapunguza. Makosa ya ukubwa yanaishia kwenye wavu, hayafiki kwenye nguo.

Sisi wavu tusingeuweza, kava la kitanda lenye matundu yale litanasa vidole na bado ni kazi nyingi. Lakini kanuni ileile nikaihamisha: tuongeze raundi ya tano kwa maua yote, rangi moja tu, ya maziwa, na hiyo raundi ndiyo irekebishe ukubwa. Yangu ya sentimita 12 nikayazungushia nusu ndefu, ambayo kwa mkono wangu ina kimo cha sentimita moja, kulia moja kushoto moja, 14. Ya mdogo wangu ya 12.8 nikayazungushia fupi, kimo chake sentimita 0.6 hivi, mara mbili ni 1.2, jumla 14. Nilipopima la kwanza la kwangu na la kwanza la kwake yakalingana kabisa nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Raundi zote za maziwa nilifuma mimi, zake na zangu, mkono mmoja ufunge kazi.

Hapo kukatokea zawadi ambayo sikuitegemea. Ua likiwa la 14, hatuhitaji tena 289. Tunahitaji 14 kwa 14, yaani 196, na kava linakuwa 196 kwa 196, tukiweka ukingo wa sentimita 4 kila upande inakuja 204, sentimita nne fupi ya hesabu ya mwanzo kwa urefu, hakuna atakayezipima. Tulikuwa tumefikiri zimebaki 149 kumbe zimebaki 56 tu.

Na ile raundi ya maziwa ikatibu macho pia, maana sasa kila ua lina fremu, na fremu zote zinafanana. Nikakumbuka kanga za mama. Sasa tupate pindo. Kwenye 14 kwa 14, mzunguko wa nje kabisa una maua 52, unaofuata ndani 44. Mizunguko hiyo miwili nikaifanya pindo, maua 96. Kinachobaki ndani ni 10 kwa 10, mji wa maua 100. Pindo liwe zito, mji uwe mwepesi, basi, hakuna ufundi mwingine. Tukayatenga yale 140 kwa rangi ya raundi ya tatu na ya nne, ile inayoonekana zaidi, tukitazama picha ya kijivu na siyo macho. Mazito tukapata 51, mepesi 58, na ya kijivu, yaani nyekundu na kijani, 31. Haya 31 yalitusumbua, pindoni yanaonekana kama meno yaliyong'oka, tukayatawanya ndani ya mji, kwenye mwanga wanakaa kama watu walioalikwa. Kwa hiyo mji ukawa 58 na 31, 89, umepungua 11. Pindo lina 51, limepungua 45. Kumi na moja na arobaini na tano, 56. Hesabu ilivyokubali nilimwonyesha mdogo wangu daftari, akasema dada wewe ungekuwa mhasibu. Yale 56 hatukufuata tena orodha ya mipango 336. Tulifuma yanayotakiwa: zambarau ya nje ikazungukiwa na njano ndani ili iwake, bluu nzito ikapewa pinki.

Mawili madogo yalitokea njiani niyataje haraka. Bonge moja la damu ya mzee lilikuwa zito mkononi kuliko wenzake, nikachoma kipande cha uzi kwa kiberiti. Akriliki inayeyuka inaacha kishanga kigumu cheusi, hili likaungua kama karatasi likaacha majivu laini, ni pamba. Nikaloweka kipande, nikakibana na kitambaa cheupe, kikatoa rangi. Maua tisa yalikuwa na uzi huo, yote nikayafumua, maana siku ya kwanza ya kufua yangechora kava zima. Hayo tisa yamo kwenye hesabu ya kazi ya ziada, sitaki kuyakumbuka.

La pili ni rangi ya maziwa. Nilinunua mara mbili, duka moja, mabonge hayana lebo, na bonge za mara ya pili nyumbani usiku zilikuwa sawasawa, asubuhi kwenye jua zikawa za njano kidogo. Uzi unatiwa rangi kwa mafungu na fungu hili si fungu lile. Ningechanganya ndani ya kava yangeonekana madoa kama maji yamemwagika. Nikautunza ule wa kwanza wote kwa raundi ya tano na kuunganisha, wa njano ukaenda wote kwenye ukingo wa nje, mzunguko mzima, ikaonekana kama tumekusudia. Mtu akiuliza nasema tulikusudia.

Kuunganisha tulifanya kwa mistari mirefu, siyo ua kwa ua: maua mawili mawili yanatazamana, sindano inapita juu ya yote 14 bila kukata uzi, mistari 13 ya upana ikaisha ndiyo tukageuza, 13 ya urefu. Mistari 26. Pale kona nne zinapokutana unaweka cheni moja ya kuvuka, ukiikosa panajivuta panakuwa kifundo. Halafu zile ncha za uzi jamani. Ua moja sasa rangi nne, kila rangi ncha mbili, mara 196, ni ncha 1,568. Nyingine tulizifunika tukiwa tunafuma, zilizobaki tulizishona kwa sindano ya mkono, huku na kurudi. Najua wapo wanaofunga fundo na kukata, akriliki inateleza, fundo linafunguka kwenye beseni na ua lako linafumuka kuanzia katikati.

Tulimaliza siku ya 38. Mama alikuja, safari hii hakusimama mlangoni, aliingia moja kwa moja akapiga magoti kwenye mkeka akapitisha mkono pindoni pande zote nne, kimyakimya. Kisha akasema, "Haya. Sasa ni nguo." Ila macho yake hayakosi, akaongeza: kwenye kona ile ya kushoto mmeweka zambarau mbili zimefuatana. Ni kweli. Zipo mpaka leo.

Kwenye pesa nisidanganye watu. Tulikokotoa masaa, ya mimi na mdogo wangu pamoja: 35 ya maua 140 ya mwanzo, 14 ya yale 56, 16 na dakika 20 za raundi ya tano, 13 za kuunganisha, 4 za ukingo, na kama 10 za ncha. Kama 92, bila yale tisa. Uzi wote ulikula 118,000. Ilibaki 132,000, ambayo ukigawa ni elfu moja mia nne na kidogo kwa saa. Mdogo wangu nilimpa nusu, maana kitanzi chake kirefu hakikuwa kosa lake, mimi ndiye sikupima. Kazi ya namna hii sasa hivi siichukui chini ya mara mbili ya ile bei, na mteja anaona kwanza mchoro: karatasi ya miraba, penseli za rangi, pindo na mji, na maua manne yaliyokwisha unganishwa, siyo moja. Ua moja linadanganya, manne yakikaa pamoja yanaanza kusema ukweli.

Bibi harusi kava analo. Mama yake aliniambia kitandani analitandika wageni wakija tu, siku nyingine liko juu ya kabati limekunjwa, pindo kwa nje.

Na lile ua nililolipiga pasi sikulitupa. Niko nalo hapa, ndilo naweka chini ya kikombe cha chai, linalala sawasawa kabisa.